Kidole Kimoja Chini ya Shuka

Deeq alikuwa akirudi nyumbani ameshiba, na shibe hiyo ilimkera baba yake kuliko njaa yake mwenyewe.

Kila jioni Mzee Ogle alimsikia kijana akivua viatu mlangoni na kutoa salamu, na kabla hajaitikia, pua yake ilikuwa imeshamaliza uchunguzi. Iliki. Bizari. Samli ya moto. Hiyo haikuwa harufu ya hoteli. Ilikuwa harufu ya jiko la Rukiyo, mke wa Kerrow. Na hapa, juu ya makaa yaliyokwisha kuwa jivu, sufuria ya wali na maharagwe imekaa kama mtu aliyealikwa harusini kisha akasahauliwa.

"Hutakula?"

"Nimekula, aabo. Eeddo Rukiyo amekataa niondoke."

"Eeddo! Ati shangazi. Amekuwa dada yangu lini huyo? Na amekataa vipi, amekufunga kamba?"

"Amenifunga kwa mbavu za mbuzi, aabo. Fundo halifunguki."

Kijana alicheka na kwenda kuoga. Ogle akala peke yake, anatafuna maharagwe kama anayetafuna maneno. Tangu mkewe Habibo afariki, chakula cha nyumba hii kilikuwa cha kutia tumboni tu. Binti yao Weris ameolewa huko Bura, huonekana Idi hadi Idi. Aliyebaki ni Deeq, mwana wa kiume wa pekee, na huyo mwana wa pekee mchana yuko kwa Kerrow, jioni tumbo lake liko kwa Kerrow, na wakati mwingine Ogle alishuku kwamba hata usingizini anamwota Kerrow.

Tena ndiye aliyekuwa akimwita kijana "aabo". Ogle alisikia kwa masikio yake siku Kerrow alipompigia Deeq simu, nayo ikiwa imefunguliwa sauti kubwa: "Aabo, uko wapi, aabo?" Ndivyo baba anavyomwita mwanawe kwa desturi yao, anamrudishia jina lile lile analoitwa yeye. Lakini baba! Si mwenye lori.

Na Kerrow alikuwa nani? Hapo ndipo uchungu ulipokuwa umetaga mayai. Kerrow alikuwa Ogle wa pili. Ukame mmoja uliwamalizia wanyama, wakaingia Garissa msimu mmoja, Ogle akitokea upande wa Balambala na fimbo mkononi isiyo na ng'ombe wa kuchunga. Walikuwa wa ukoo mmoja, milango tofauti, yaani matawi tofauti ya ukoo huo. Wakawa madalali wa soko la mifugo, na mwanzoni walikuwa na shuka moja la kazi, huyu akilitumia, yule anasubiri.

Shuka lenyewe lilikuwa ofisi. Pale sokoni bei ya fahali haitajwi kwa mdomo, maana mdomo una masikio mengi kando yake. Dalali anamshika mnunuzi mkono, anatupa shuka juu ya mikono miwili, na vidole vinaongea. Ukishika kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, ukiminya ngumi nzima ni habari nyingine. Moja ya nini, elfu au laki, mbuzi ndiye anayesema, au ngamia ndiye anayesema: ukimtazama mnyama unajua. Waliosimama karibu wanaona nyuso mbili tu, moja imenuna, nyingine inatazama mawingu. Katika kazi hiyo hakukuwa na mkono wa kuushinda wa Ogle. Watu walisema Ogle anaweza kusoma mkono wa maiti.

Kisha serikali ya kaunti ikaja, na pesa ikaja na kaunti, na Kerrow akaacha vumbi. Alipata zabuni ya kupeleka maji vijijini. Alipataje? Alimjua aliyemjua mkubwa, basi. Wakubwa wa nchi hii hawatafuti mtu anayeweza, wanatafuta mtu anayejulikana. Lori la kwanza likazaa la pili. Leo Kerrow ana nyumba ya mawe yenye vioo vya buluu, ana mashine ya baridi ukutani, ana wana wanaobeba simu mbili mbili, na ana mke aliye hai.

Ogle hakuwa na mke aliye hai. Habibo aliugua katika ukame mwingine mrefu wa baadaye. Kituo cha afya kilikuwa na gari la wagonjwa, zuri, jeupe, limeandikwa ubavuni jina la mkubwa aliyelileta, lakini halikuwa na mafuta. Ogle aliliona kwa macho yake, mbuzi wamelala kivulini chake. Habibo alibebwa na pikipiki, na hakufika. Tangu siku ile siasa ya Ogle ilikuwa neno moja: wezi. Akisikia redio anasema wezi. Akiona bango anasema wezi. Kura hakuwahi kupiga, na akiulizwa hujibu kwamba hachagui nyoka wa kumuuma.

Deeq alikuwa na dini nyingine kabisa. Alikuwa akiendesha lori la maji la Kerrow, bauza, akilipeleka kwenye makazi ya wafugaji ambako barabara ni jina tu. Akirudi jioni alikuwa na maneno mengi.

"Serikali," Ogle alimwambia siku moja, "ni askari na kipande, hicho kitambulisho. Ukiwa nacho anakuuliza umekipata wapi. Ukiwa huna anakuuliza mbona huna. Mimi nimevuliwa kofia pale darajani, penye kizuizi cha polisi, na mtoto wa rika lako, nikiwa na mama yako kando."

"Hiyo ilikuwa serikali ya darajani, aabo. Ya sasa ni bajeti. Pesa ipo. Kazi ni kujua imepita bomba gani."

"Imepita bomba la Kerrow."

"Na bomba la Kerrow ndilo linanilisha." Kijana akamalizia kwa sauti ya chini, "Na wewe pia, aabo."

Maneno hayo yalimwingia mzee kama mwiba wa mathenge, ule unaopita soli ya kiatu.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema. "Wewe hujalala njaa hata siku moja, mama yako alihakikisha. Ndiyo maana unaipenda serikali."

"Siipendi. Naitaka."

"Tofauti ni nini?"

"Wewe umeisusa, mimi naitaka mkononi." Deeq alikuwa ameshafika mlangoni, na kijana akifika mlangoni ulimi hurefuka. "Unajua unavyoisema serikali, aabo? Kama mke mkubwa anavyomsema mke mdogo!"

Ndara ya mzee ilimkosa kwa shubiri.

Ukimtaka Kerrow naye aseme serikali ni nini, alikuwa na jibu lake la mtu aliyeshiba: "Serikali ni mvua. Mvua haitukanwi. Unatoa beseni nje." Watu watatu, vichwa vitatu. Ogle aliwaza mara nyingi juu ya hilo. Kerrow alikuwa rika lake, alivuliwa kofia pale pale darajani, basi mbona hakubaki na chuki? Akajijibu kwamba mtu hafikiri kwa kichwa. Tumbo ndilo linalofikiri, kichwa kinatafuta maneno ya kulipambia. Alifurahi kwa hekima hiyo, wala hakuipima kwa tumbo lake mwenyewe.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na wazee wa ukoo walikuwa wakae kutaja jina moja la kiti cha wadi. Jina moja tu, ili kura zisitawanyike. Desturi yao ilikuwa kwamba kila mlango una sauti moja, uwe mpana au mwembamba, na mlango mmoja ukisema hapana, jina limekufa. Neno likishasemwa mbele ya wazee halilambwi tena, isipokuwa mtu aseme wazi kwamba alidanganywa au alielewa vibaya. Mlango wa Ogle ulikuwa mwembamba, watu wake wangeenea kwenye mkeka mmoja, lakini sauti ilikuwa sauti, na aliyekuwa nayo ni yeye.

Siku moja kabla ya kikao, siku ya soko, Kerrow alikuja kwa madalali. Hakuwa amekanyaga pale muda mrefu. Alishuka kwenye gari kwa uangalifu, kanzu yake nyeupe ikiogopa mavi ya ng'ombe, akapita katikati ya mafahali wa Griftu hadi kwa Ogle.

"Habari za asubuhi, bwana Ogle. Tunaendeleaje na shughuli?"

Kwa Kiswahili! Mtu waliyelala naye chini ya lori moja wakati wa mvua, leo anamsalimia kwa Kiswahili cha ofisini.

"Nani amekufa," Ogle aliuliza, "mpaka unaniongelea kama diisii wa wilaya?"

Madalali walicheka. Kerrow naye alicheka, akagusa ndevu zake za hina. "Ulimi imezoea mikutano, walaal, ndugu yangu. Nibe mkono."

Nibe! Ogle aliposikia hilo alipata faraja ndogo. Utajiri umemnyoosha Kerrow kila kitu, lakini herufi imemgomea, bado anasema nibe badala ya nipe kama wao wote.

Alimpa mkono. Kerrow akavuta shuka kutoka begani mwa Ogle mwenyewe, akalitupa juu ya mikono yao. Zamani kiganja cha Kerrow kilikuwa na sugu kama kisigino. Sasa kilikuwa laini, kinanukia mafuta, na Ogle alitamani kukirudisha kwa mwenyewe kama bidhaa mbovu. Kerrow akamtafuta kidole, kimoja, akakishika kwa vidole vyake vyote, akakiminya.

"Hii moja," alisema polepole. "Hii moja tu nibe. Mimi nabeleka mbele, na Mwenyezi Mungu atabariki. Kesho kwa baraza wewe usikatae tu."

Ogle alingoja kidole cha pili. Hakikuja.

Damu ilimpanda. Basi ndivyo! Kerrow anataka kumpandisha mwanawe, yule Mohamednoor wa simu mbili, na amekuja kununua mlango wa Ogle hapa hapa, mbele ya mbuzi. Na bei ni moja. Moja ya nini? Mnyama wa kumtazama ili ujue hayupo. Mnyama ni Ogle. Kwa hiyo Kerrow amemtazama kuanzia kofia hadi ndara, akaona mnyama wa kidole kimoja.

"Moja?" alisema. "Mimi? Kidole kimoja?"

Kerrow alimtazama kwa upole. "Kwani uko na ingine?"

Upole huo ndio uliomuua. Kwani uko na ingine! Kweli, hana kitu kingine cha kuuza ila sauti hiyo moja, lakini lazima aambiwe? Ogle alivuta mkono wake kwa nguvu hadi shuka likaanguka.

"Fikiria, walaal," Kerrow alisema, akiliokota na kulipangusa vumbi. "Mimi nilitaka kuuliza wewe kwanza, kabla ya wazee. Ndiyo heshima."

"Heshima ya kidole kimoja!"

Kerrow alifungua mdomo aulize, lakini simu yake ikalia, akaitikia "ndio mheshimiwa, ndio mheshimiwa," na akaenda zake akikwepa mavi. Abdijabar, dalali kijana aliyekuwa akivizia wateja wa Ogle, alisogea na kuuliza bei ilikuwa ngapi. Ogle alimwambia aende akamuulize mama yake.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, wazee walikaa sebuleni kwa Kerrow. Hapakuwa na namna ya kutouona utajiri. Makochi yalikuwa mekundu na yenye nyuzi za dhahabu. Mashine ya baridi ilivuma ukutani mpaka mzee Yarrow, mwenyekiti wao, akajifunika shuka hadi puani kama mgonjwa wa malaria. Rukiyo alituma birika za chai ya maziwa ya ngamia na sinia za nyama, na Ogle alikula kidogo kwa makusudi, ili wote waone kwamba anakula kidogo. Nyama ilikuwa tamu. Hilo pia alimhesabia Kerrow kama kosa.

Mohamednoor alikuwa amekaa karibu na mlango, suti yake inang'aa. Vijana walikuwa barazani nje ya dirisha, na kati yao alikuwemo Deeq, amenyoa, amevaa shati jeupe jipya. Ogle alilitazama shati lile. Hakulijua. Nani amelinunua? Hakuhitaji kuuliza.

Yarrow aliomba dua, akasema wamekutana kwa heri, na kwamba Kerrow ana jina la kuleta. Kerrow akaanza kuinuka.

Ogle aliinuka kabla yake.

"Nina neno," alisema. "Nalisema sasa ili msichoke. Jina lolote litakalotoka mdomoni mwa Kerrow, mlango wangu umelifungia. Limekufa."

Wazee waligeuza vichwa kwa Kerrow, kisha kwa Yarrow.

"Ogle," Yarrow alisema kutoka ndani ya shuka, "jina hujalisikia."

"Sihitaji kuonja maziwa nijue yametoka kwa ng'ombe wa nani. Sisi ni watu wa kufanywa nini? Mtu anapewa zabuni na wakubwa, analeta maji yale yale ya mto wetu, kisha anatudai shukrani. Mama Deeq alikufa njiani na gari la serikali limelala. Nani alifungwa? Nani aliulizwa? Leo tena tunaitwa, tunalishwa nyama, tupige magoti tuseme ndiyo. Mimi nasema hapana. Mlango wangu ni mwembamba, lakini una komeo."

Alikuwa amesema vizuri, alijua. Wazee wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Alikaa chini, moyo unamdunda kwa raha.

Kerrow alibaki amesimama, na Kiswahili cha ofisi kilikuwa kimemtoka. Aliongea Kisomali cha nyumbani, taratibu, kama mtu anayetembea gizani.

"Jana nilikupa mkono, Ogle. Nilikuuliza."

"Ulinipa mkono. Na mkono ulisema ulichosema. Jibu langu ndilo hili."

"Basi sina la kuongeza. Wazee, jina nililokuja nalo ni la mtoto wake. Deeq Ogle. Kwenye kila kisima na kila bwawa huko nje wanamjua kwa jina, kina mama wanamwombea. Vijana wamemtaka wao wenyewe, mimi nimebeba ujumbe tu. Nikasema siwezi kumtaja mwana wa pekee wa mtu kabla sijamwomba babake. Nikamwomba. Nikashika kidole kimoja, nikamwambia, nipe huyu mmoja tu."

Huyu mmoja. Hii moja.

Ogle alihisi kidole chake kinaungua, kile kile, kama kimefungwa uzi. Kwani uko na ingine? Hakuwa na mwingine. Mungu ni shahidi, hakuwa na mwingine.

Aligeuka dirishani. Deeq alikuwa anamtazama. Hakuonekana na hasira. Hasira ingekuwa afadhali. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akitarajia jambo, kisha likatokea. Kerrow alikuwa amemwambia jana kwamba atamuuliza babake, na babake ameulizwa, na babake amekataa mbele ya ukoo mzima. Kijana aliinamisha kichwa, akavaa viatu vyake, akaanza kutembea kuelekea lango, na wenzake wakampisha kama watu wanavyompisha mwenye msiba.

"Huenda hakunielewa," Kerrow alisema.

"Hakuelewa?" Yarrow alishusha shuka puani. "Ogle asielewe mkono? Huyo anayesoma maiti?"

Wazee walicheka, na Abdijabar, aliyekuja na baba yake, alicheka zaidi yao.

Hapo Ogle aliona njia mbili, na zote zilikuwa na miiba. Akisema hakuelewa, desturi inamruhusu kuchukua neno lake. Lakini nani atampa tena mkono dalali aliyeshindwa kusoma kidole kimoja, kidole rahisi kuliko vyote, kidole ambacho hata mtoto anakijua? Kesho soko zima litakuwa linamfuata likimwonyesha kidole. Wateja watahamia kwa Abdijabar. Mkono wake ndio shamba lake, hana jingine.

Akinyamaza, basi amenyamaza. Na kunyamaza kulikuwa na utamu, afadhali kusema kweli. Alimtazama Kerrow amesimama katikati ya makochi yake mekundu, mpango wake umevunjika mikononi, wageni wanamtazama, nyama yake imeliwa bure. Kwa mara ya kwanza tangu malori yale yaanze kuzaana, maskini wa chumba kile hakuwa Ogle. Alitaka kukaa ndani ya dakika hiyo kama mtu anayekaa kivulini. Kila alichokuwa nacho angekitoa aendelee kumtazama vile.

Lango la chuma lililia. Deeq alikuwa ameshika komeo.

"Nilidhani ananinunua!" Ogle alipiga kelele.

Wote walimgeukia. Nje, lango halikufunguka.

"Alishika kidole kimoja, nikadhani ananunua sauti yangu amweke mwanawe. Sikuelewa. Ndiyo, cheka, Abdijabar, cheka mpaka upasuke. Mimi Ogle sikuelewa kidole kimoja. Neno langu nalichukua."

Kisha Abdijabar, ambaye Mungu alimpa ulimi wa kinyozi, akauliza kwa adabu, akimwita ami:

"Samahani, adeer. Na kama angeshika vidole vinne?"

Sebule ililipuka. Yarrow alicheka mpaka akakohoa, wakampiga mgongoni. Mzee mmoja alilia machozi kabisa, anajifuta kwa ncha ya kikoi, anarudia: "Hakukasirishwa na kununuliwa! Alikasirishwa na bei! Wallahi, bei!" Hata Mohamednoor alificha uso nyuma ya simu zake mbili. Ogle alikaa katikati ya kicheko hicho, masikio yanawaka, anatafuta jibu, na kwa mara ya kwanza maishani neno lake la siku zote halikumjia. Angemwita nani mwizi?

Kerrow peke yake hakucheka. Alitabasamu tu, kwa upole wake ule ule, na Ogle aliona kwamba hilo hatamsamehe hata Akhera.

Deeq aliitwa ndani. Jina lake likatajwa, milango yote ikasema ndiyo, Ogle, wa mwisho, akasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge. Kisha kijana akaenda kushukuru. Aliinama kwanza mbele ya Kerrow, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Ogle aliijua desturi hiyo, mwenye nyumba hutangulia, angeifundisha yeye mwenyewe. Lakini aliona jinsi mkono ule laini wenye mafuta ulivyotua juu ya kichwa kilichonyolewa, na ulivyokaa pale, haukuwa na haraka, na alisikia, "Mungu akuongoze, aabo." Kijana akaenda kwa Yarrow. Ndipo akaja kwa baba yake. Wa tatu! Amelipa jina lake lote, amelipa shamba lake la vidole, na amepewa nafasi ya tatu.

Walirudi nyumbani ndani ya lori la maji, jua limeshainama. Matone yalikuwa yanadondoka nyuma kwenye lami, na mbuzi walikimbia kuyalamba.

"Shati amekununulia yeye," Ogle alisema.

"Nimelinunua mwenyewe, aabo. Kwa mshahara."

"Mshahara wake."

Deeq alibadilisha gia, akacheka peke yake. "Kweli ungeniuza kwa vidole vinne?"

"Endesha gari."

Walipita soko la mifugo, tupu kwa kuwa haikuwa siku yake. Kijana mmoja aliyekaa ukutani alimwona Ogle dirishani, akainua kidole kimoja hewani, akakitikisa. Habari ilikuwa imefika kabla yao. Ogle alitazama mbele.

"Nakuambia jambo," alisema baadaye. "Usifikiri kwa kuwa ni mwanangu utapona. Siku utakayokaa kwenye kile kiti, gari la wagonjwa likilala bila mafuta, nitasimama sokoni nikutukane kama nilivyowatukana wote. Nitakuita vile vile."

"Niite, aabo. Ukininyamazia ndiyo nitaogopa." Deeq alimtazama kwa pembe ya jicho. "Lakini kile kiti sijakipata. Kuna kura. Na wewe hujawahi kupiga."

"Sijawahi."

"Kwa hiyo utanitukana bure, bila kuninunua hata kwa kura moja."

Mzee alikuwa anafikiria watu wamepanga mstari, na karatasi yenye jina la Deeq Ogle, jina lake yeye mwenyewe liko pale, nusu yake nzima, na mikono ya watu wengine ikiingia kuligusa. Alikuwa anafikiria mkono mmoja hasa.

"Kerrow anapigia kura wapi?"

"Pale shule ya msingi. Kama sisi."

"Huenda saa ngapi?"

"Huyo? Alfajiri. Kila uchaguzi ndiye wa kwanza kwenye mstari, hata kabla askari hawajafungua lango. Anajisifia sana."

Ogle aligeukia dirishani, akavuta shuka lake likae vizuri begani.

"Siku hiyo," alisema, "uniamshe kabla hajaamka."